Mita ilisema sare, nikafunga simu. Nilipitwa na nini mchezo wa 14?

Mchelewaji

Wakuu, salamu. Naombeni msaada, na atakayecheka acheke taratibu.

Jana, tarehe 12 Desemba 2024, nilikaa mbele ya ubao wangu tangu hatua ya kwanza ya mchezo wa 14 wa mechi ya ubingwa wa dunia wa chesi kule Singapore. Mnajua hali ilivyokuwa: alama 6½ kwa 6½, bingwa mtetezi Ding Liren kete nyeupe, mpinzani wake Gukesh nyeusi, na mchezo wa mwisho wa saa ndefu ndio huo. Ukiisha sare, kesho yake wanaingia kwenye michezo ya haraka.

Mimi kutazama skrini peke yake hakunitoshi. Naweka ubao halisi mezani, na kila wanachocheza nakisogeza kwa mkono wangu, la sivyo akili haishiki. Ubao wenyewe mzee. Askari mmoja mweusi alipotea zamani, nafasi yake kashika kizibo cha chupa. Simu nimeiegemeza kwenye glasi: kushoto ile mita ya injini, yaani kompyuta inayokadiria nani yuko mbele, ikipanda na kushuka, kulia gumzo la watazamaji, wanaandika bila kupumua.

Hatua ya 29 Ding akamtoa askari wake wa safu ya b (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), malkia zikabadilishwa, na gumzo likapasuka vipande viwili papo hapo. Huku "amejichimbia kaburi", huku "sare ya vitabuni hii, nendeni mkalale". Mmoja alirudia neno sare mara kumi hivi kama anayepiga mnada. Nikaangalia mita: inacheza pale pale karibu na sifuri. Nikaamini mita.

Basi wakaendelea. Kufikia hatua ya 46 Ding amebaki na askari mmoja, g3. Gukesh ana wawili, f5 na g4. Kila mmoja ana ngome moja na askofu mmoja. Kizibo changu ndicho kilichoangukia kuwa askari wa f5, kwa hiyo nusu saa nzima nilikuwa namkodolea macho kizibo. Hatua ya 53 Ding akampeleka askofu a8, konani kabisa. Mtu akaandika "askofu kaenda kulala", tukacheka. Hatua ya 54 ngome nyeupe ikaja f4, mfalme mweusi akasogea e5 kuisukuma. Mita bado imetulia. Macho yanawaka. Nikasema hawa watazunguka hapa mpaka hatua ya mia. Nikazima simu, nikaziacha kete zilivyo, nikalala.

Naamka, Gukesh bingwa wa dunia, miaka 18. Mchezo umeisha hatua ya 58. Nne tu baada ya mimi kuondoka!

Sasa swali langu. Ile nafasi ilikuwa sare kweli, au mita ilinidanganya? Na kama ilikuwa sare, mtu ambaye si bingwa angeangalia nini ili anuse kwamba kuna hatari, asiende kulala? Ubao uko mezani vile vile, sijaugusa.

Pembe_ya_Ubao

Pole mkuu. Ulikaa saa zote hizo ukaondoka kwenye dakika yenyewe. Mimi nilikuwepo, na nakwambia gumzo lilikwenda kwa kasi hata maneno hayasomeki. Mita ilishuka chini kama jiwe kisimani, halafu kamera ikabaki kwa Gukesh naye hachezi! Tunapiga kelele "chukua, chukua", kama vile atatusikia. Akanywa maji. Akatazama ubao tena. Hapo nilisimama juu ya kiti.

Jibu la kitaalamu waachie wengine.

Shangazi Ngome

Mchelewaji mwanangu, vizuri hujakusanya kete. Nenda mezani tusome pamoja, maana hili haliingii kwa kuambiwa.

Nyeupe: mfalme g1, ngome f4, askofu a8, askari g3. Nyeusi: mfalme e5, ngome b2, askofu e6, kizibo chako f5, askari g4. Hapo ndipo ulipolala. Ngome ya f4 inatishwa na mfalme, ila askari wa g3 anailinda, kwa hiyo hakuna dharura yoyote. Sasa Ding akacheza hatua ya 55: ngome kurudi f2, uso kwa uso na ngome ya b2. Kama anasema, "Tubadilishane, tumalize."

Usisogeze kitu bado. Weka kidole juu ya askofu wa a8. Anakwenda wapi? Ana mshazari mmoja tu: b7, c6, d5, anaendelea mpaka h1. Askofu wa katikati ya ubao mtupu ana miraba 13 ya kwenda. Wa b7 ana 9. Wa kona ana 7, na yote iko kwenye njia moja. Ukisimama kwenye njia hiyo, umefunga mlango.

Haya, sogeza. Ngome nyeusi inakula f2, mfalme mweupe anakula. Sasa askofu mweusi aende d5. Umeona? Maaskofu wote wawili ni wa miraba myeupe, wanatazamana kwenye mshazari ule ule, na wa kona hana pa kukimbilia. Akienda b7 au c6 bado yuko kwenye mstari wa risasi. Lazima ale au aliwe. Akala d5, mfalme mweusi akala naye, na ubao umebaki na wafalme na askari: mmoja kwa wawili. Ding akaleta mfalme e3, Gukesh akamzuia kwa e5, hatua ya 58, na Ding akasalimu amri.

Sasa fanya hili, usiliruke. Rudisha kila kitu, kisha mtoe askofu kona umweke b7, mraba mmoja tu. Cheza upya: ngome f2, wanakulana, askofu mweusi d5. Safari hii askofu wako anaruka kwenda a6 au c8, mshazari mwingine kabisa, maana b7 ni njia panda. Hakuna kulazimishwa kubadilishana. Mraba mmoja, mwanangu. Cheo cha dunia kilikuwa kati ya a8 na b7.

Kuhusu mita. Haikudanganya, ila wewe uliisikia ikisema neno ambalo haikulisema. Inahesabu kwa thamani ya askari: moja ni kama kumzidi mwenzio askari mmoja, sifuri ni kwamba kila upande ukicheza hatua bora kabisa, tena na tena, hakuna atakayeshinda. Haikuambii hatua hizo bora ziko ngapi. Zipo sifuri mbili. Moja ni uwanja mpana: popote unapokanyaga ni sawa. Nyingine ni kamba juu ya korongo. Skrini inaziandika kwa tarakimu ile ile.

Nami huangalia nini? Kwanza, nani anaumia bure. Gukesh alikuwa na askari wa ziada na hakuwa na cha kupoteza. Angeweza kuzunguka mpaka alfajiri, na baya zaidi kwake lingekuwa sare. Ding peke yake ndiye aliyekuwa akifanya mtihani, kila hatua swali jipya. Pili, saa. Walianza na dakika 120 kwa hatua 40 bila nyongeza yoyote, kisha wakaongezwa dakika 30 na sekunde 30 kila hatua. Ding alikuwa nyuma kwenye saa kwa sehemu kubwa ya mchezo. Tatu, kete iliyosimama pembeni bila sababu nzuri. Mkacheka kwamba askofu kaenda kulala. Hapo ndipo mngekaa wima.

Nilianza kufuatilia mambo haya mwaka 1972, binti mdogo, mechi ya ubingwa ya Reykjavik, Fischer na Spassky, baba akinisomea hatua gazetini nami nikizipanga. Mchezo wa kwanza kabisa, Fischer, hatua ya 29, nafasi ya sare iliyokauka, akamtuma askofu kula askari wa h2. Spassky akasogeza askari g3, na askofu akafungiwa ndani. Fischer akaupoteza mchezo ule. Nakumbuka niliuliza, "Baba, gazeti limekosea herufi?" Akanijibu gazeti halijakosea. Tangu siku hiyo askofu akikaribia ukingo wa ubao mimi nyusi zinapanda zenyewe.

Daftari la Pili

Shikamoo Shangazi. Nakubaliana nawe kwa mengi, ila naona hapa kila mara mita inapigwa mawe na mimi nitaitetea.

Wengine si watu wa kuanzia 1972. Mimi nimejifunza kusogeza farasi nikiwa mtu mzima, na bila mita ningekuwa natazama watu wawili wamekaa kimya saa nne. Chukua mechi ya ubingwa ya Sochi 2014, Carlsen na Anand, mchezo wa 6. Carlsen anampeleka mfalme wake d2, hatua ya 26. Kosa la wazi: farasi wa Anand angekula e5 na mambo yangegeuka. Anand hakuliona. Akasogeza askari a4, chini ya dakika moja hivi, na mchezo akaja kuupoteza. Carlsen alikuwa ameshaligundua, ameinamisha kichwa juu ya mikono akiomba ardhi isimsaliti. Sasa niambie, mtazamaji asiye na mita angejua nini? Angeona mfalme kasogea, askari kasogea, akapiga miayo. Ile dakika ndiyo tamu kuliko zote nilizowahi kuona kwenye mchezo huu (niliiona baadaye, kwenye marudio, nakiri), na ni mita iliyonipa.

Tena kuna ushahidi mkali zaidi kuliko wa jana. Dubai 2021, mchezo wa 6, Carlsen na Nepomniachtchi: hatua 136, mrefu kuliko wote katika historia ya mechi za ubingwa, uliisha saa za Dubai zimepita usiku wa manane. Mwishoni Carlsen ana ngome, farasi na askari wawili, Nepomniachtchi ana malkia peke yake. Ukihesabu na wafalme, kete 7. Kwa kete 7 hakuna kukisia: majibu yote yamekwisha kukokotolewa na kuhifadhiwa, kompyuta inasoma tu. Na ilisema sare. Sare ya hakika, siyo makadirio. Hatua ya 130 Nepomniachtchi akampeleka malkia e6, na sare ikafa palepale. Watu wangapi walikuwa wamelala?

Kwa hiyo Mchelewaji, usiizime mita. Ila usiitumie kama saa ya kwenda kulala.

Shangazi Ngome

Marahaba mwanangu. Sochi umenikamata, sikatai. Niliitazama bila mita na kosa la mfalme d2 sikuliona mpaka nilipoambiwa. Nilidhani Carlsen ana usingizi.

Lakini angalia kilichowapata jana walio na mita. Pembe_ya_Ubao anasema walipiga kelele "chukua, chukua". Nani kati yao aliliona lile d5 kwa macho yake? Gukesh mwenyewe alisema baada ya mchezo kwamba mwanzoni hakuliona, alikuwa karibu kucheza kitu kingine na ngome yake. Halafu likamjia. Hizo ni dakika za mtu mwenye umri wa miaka 18 kukuta mlango wa nyumba aliyoiota tangu utotoni umeachwa wazi, akaogopa kwamba macho yanamdanganya. Aliyekuwa na mita alijua tayari, kwa hiyo akamwona mchezaji anachelewa. Asiye na mita aliona anachokiona yeye. Mimi niliona uso wake unabadilika kabla sijajua kwa nini, nikarudi ubaoni kutafuta. Nililipata lile d5 mwenyewe, sekunde chache kabla hajacheza. Siuzi sekunde hizo kwa mita yoyote.

Pembe_ya_Ubao

Shangazi, mimi ni mmoja wa waliopiga kelele na sikuwa nimeona chochote. Mita ilishuka, nikasema chukua. Chukua nini, sijui. Nisamehe.

Mchelewaji

Nimerudi. Nimefanya zoezi mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa kwa nini b7 inaokoa, kwa sababu nilisahau kwamba askofu ana mishazari miwili. Ya pili nikaona. Ya tatu nilifanya kwa kufurahi tu, nampeleka c8 namtazama anavyomtishia kizibo.

Halafu nikafanya jambo la aibu zaidi. Nilirudisha nafasi ya hatua ya 54, nikajifanya sijui chochote, nikajiuliza mimi ningecheza nini. Wakuu, mkono ulikwenda wenyewe: ngome f2. Nimechoka, nimepungukiwa askari, saa inakimbia, kete zikipungua si ndiyo sare inakaribia? Kwa hiyo sina ubavu wa kumcheka Ding. Ila naomba nielezwe hapo: kwani kubadilishana si kunapunguza hatari?

Daftari la Pili

Hapo ndipo wengi tunapoangukia, mimi wa kwanza. Nilifundishwa hivi: aliyepungukiwa abadilishane askari, asibadilishane kete kubwa. Askari wakiisha wote, mwenzio hana wa kumfikisha mwisho awe malkia, na ngome na askofu dhidi ya ngome na askofu ni sare. Lakini kete kubwa zikiisha, yule askari wa ziada anabaki peke yake uwanjani, na hapo ndipo thamani yake inapokuwa kubwa kuliko wakati wote.

Na Ding alikuwa ameifanya sehemu ya kwanza vizuri. Alipunguza askari mpaka akabaki mmoja kwa wawili, upande mmoja wa ubao. Ndiyo maana watu wakasema ya vitabuni.

Shangazi Ngome

Umesema sawasawa, nami naongeza kidogo tu. Hata ngome zingebadilishwa, maaskofu wakibaki kila mmoja na wake, Ding angeweza kuishi. Askofu mmoja aliye huru anatosha kumzuia askari asivuke. Hesabu yake haikuwa ya kijinga: aliona mchezo wa maaskofu, hakuona kwamba maaskofu nao wataondoka. Alipotezwa na hesabu ya hatua moja baada ya ile aliyoifikia. Na yule ni mtu aliyeutwaa ubingwa Astana 2023 kwenye michezo ya haraka, kwa hiyo sare ya jana ingempeleka mahali anapopajua. Nadhani akili ilishatangulia huko.

Wale waliobaki baada ya kupeana mikono waliona Gukesh akizipanga kete upya, moja moja, kila moja mrabani kwake, huku analia. Kasparov alikuwa na miaka 22 alipoutwaa mwaka 1985, na rekodi hiyo ya bingwa mdogo kuliko wote imekaa muda wote huu. Kijana huyu kaivunja, na jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha askari mahali pao. Mimi nililia naye.

Mchelewaji, marudio yapo. Ila funika upande wa mita kwa kipande cha karatasi, na gumzo nalo. Ukifika hatua ya 55 mtazame usoni.

Mchelewaji

Shikamoo na asante Shangazi. Nimetazama, karatasi nimeibana kwa glasi ile ile. Najua kila kitakachotokea na bado, Ding alipoishika ngome, nilisema kwa sauti, "Usiiweke hapo."

Kete bado sijazikusanya. Kizibo kiko f5.

Pembe_ya_Ubao

Mtafutie basi askari wa kweli, mkuu, kizibo kimeshinda ubingwa wa dunia.

Mchelewaji

Ndiyo maana simtoi.